Kitenge Kimeshashonwa, na Kiwiko cha Mtoto Kinauma

Mpendwa Mama Marcelline,

Mimi nakusikilizaka redioni kila Alhamisi nikiwa napanga ndagala, hawa dagaa, kwenye meza yangu ya biashara hapa Albert Park, na siku zote nilisemaka hawa watu wa barua wana shida gani ambayo hawawezi kuimaliza nyumbani, sasa leo ni zamu yangu, unisaidie na usinicheke sana. Sikusomaka mbali, niliacha darasa la tano, kwa hiyo kama maneno yanabanana uyasukume wewe.

Mtoto wangu wa kwanza, Hardy, iko chuo kikuu mwaka wa pili na anachezaka besiboli. Usishangae, na mimi nilishangaa. Watoto wengine wa Kongo wanacheza mpira wa miguu, wa kwangu akaenda kuokota huu mchezo sijui wapi, ambao mmoja anarusha kampira kadogo kagumu, mwingine anangoja na fimbo akapige, akikapiga anakimbia kuzunguka kiwanja, na nyuma yake iko mdakaji amechuchumaa, uso amejifunika na vyuma kama dirisha la duka. Hardy ndiye wa kurusha. Anarusha, mama, vile mtu anafukuza nyoka.

Nimejifunza kwamba mrushaji haiko mmoja. Iko wa kuanza, huyo anarusha sana, halafu iko wa kumpokea katikati, halafu iko wa mwisho anayekuja kufunga mchezo, huyo anarusha kidogo tu lakini kwa nguvu. Kocha anatangaza Jumamosi hii nani atashika kazi gani, na Jumamosi inayofuata ndio mchezo wa kwanza wa msimu, sasa unaweza kufikiri vijana wamebishana vipi mwezi huu mzima, hawana habari nyingine, ni nani ataanza, nani atapiga wa kwanza, nani atakaa benchi.

Siku moja ya Mungu walikuja kwangu baada ya misa, Hardy na Peguy mtoto wa jirani yangu wa ghorofa ya juu, na Mondli ambaye ndiye mdakaji. Mondli ni Mzulu lakini amekula kwangu miaka miwili, Kiswahili kimemwingia pamoja na sombe, majani yetu ya muhogo. Mimi nilikuwa nimetoa mboga za kupika, nikageuka kuwasha jiko, kurudi nakuta wamechukua mboga zangu wamepanga timu mezani. Peguy ana mbio, akajiweka pilipili, "mimi ndiye wa kwanza kupiga, nitawachoma." Mondli wakampa kabichi.

"Eish, kwa nini mimi kabichi?" Mondli akauliza.

"Jitazame kwenye kioo, ndugu yangu," Peguy akasema.

Hardy alikuwa kitunguu kikubwa, na Peguy akakiweka mbele ya warushaji wote, akasema Hardy anafungua msimu, hiyo haina mjadala. Mondli akanyoosha kidole akakisukuma kile kitunguu mpaka mwisho, mahali pa kufunga mchezo.

"Hapa," akasema. "Kwa sasa arushe kidogo."

Hardy akamwuliza, "Umekuwa kocha lini?"

"Mimi ndiye nadaka mpira wako. Siku hizi unafika umechoka."

"Mpira unachokaka?" Peguy akacheka.

"Wa huyu, ndiyo."

Hardy akarudisha kitunguu mwanzo, Mondli akakisukuma tena mwisho, mimi nikaona wataharibu siku, nikaingia katikati na kisu mkononi nikasema, "Kitunguu kinabaki mwanzo, bamama wameshashona!" Nikakichukua nikakikatakata kwenye mafuta, mjadala ukaishia hapo, tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kuhusu kushona nikuelezee. Sisi bamama wa kikundi cha maombi, mtoto wa mmoja akifanya kitu kizuri, akimaliza shule ama akioa, tunavaaka kitenge kimoja, wote sawasawa, ndiyo desturi yetu, mtu akituona anajua leo iko jambo. Mama Constance, mkubwa wetu, aliposikia Hardy ataanza kurusha, na aliyemwambia ni mimi, hakulala. Alichagua kitenge cha buluu chenye macho ya njano, akampelekea fundi Athanase kule Greyville, vimeshonwa vyote, na vilemba, na taxi mbili zimeshaagizwa za kutupeleka kiwanjani upande wa Pinetown. Vraiment, kweli, Mama Marcelline, sisi katika huu mji tumezoea kusimama nyuma, foleni za makaratasi ya ukimbizi tunakuwa wa mwisho, sasa mtoto wetu ndiye wa kwanza kurusha, mbele ya watu wote, nikisema nilikuwa na furaha ni kidogo.

Jumatano iliyopita nikapika fufu. Hardy akanawa, akakaa, akaanza kukata tonge na mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Mezani kwangu! Nikamwambia, "Wewe, mimi nilikulea ama nilikufuga?" Akahamia mkono wa kuume, akakata tonge, likamponyoka likaanguka, vidole havikufunga. Akanitazama macho yamejaa maji, mwanaume mwenye ndevu.

"Mama, ni kiwiko," akasema. "Tafadhali usimwambie mtu. Usimwambie kocha, wala Mama Constance, wala Mungu kwa sauti kubwa."

Mungu kwa sauti kubwa ni kwa sababu ya vile tunaombaka. Nikamwapia. Ningefanya nini, alikuwa analia. Akasema akitangazwa Jumamosi, mengine atavumilia.

Tangu hapo kila jioni akirudi mazoezi namkanda, maji ya moto na chumvi, kitambaa, halafu mawese niliyopasha, nasugua kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, vile mama yangu alikuwa anamkandaka baba kule Uvira akitoka shambani na mgongo umekauka. Na inasaidia, siwezi kusema uongo, asubuhi anakunja mkono, anakunjua, ananiambia "Sharp, Mama," anaenda, anarusha, kocha anafurahi. Lakini jioni anarudi ameshika mkono kwenye tumbo kama mtu aliyebeba yai, na kiwiko chenyewe nakishika kina moto kuliko jana yake, na sasa kimevimba, nikibonyeza anageuza uso ili nisione.

Sasa nifanye nini? Nikienda kwa kocha nimemuuza mtoto wangu, hataniambia tena kitu kinamuuma mpaka nife. Nikinyamaza, naogopa mkono utakufa, na ule ndio mkono wake wa kuandika pia. Na Mama Constance nitamwambia nini, na kile kitenge? Nimekiangika kwenye mlango wa kabati, kila nikipita nakitazama, zamani nilikuwa nafurahi, sasa moyo unashtuka.

Niseme ama ninyamaze? Unijibu haraka, na tafadhali usitaje jina.

Ni mimi mama mwenye wasiwasi, Albert Park

*

Mama Hardy mpendwa,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina la mtoto nimelibadilisha, na majina ya wenzako, na rangi ya kitenge pia. Lakini watu wa Albert Park nawajua: kabla kipindi hiki hakijaisha watakuwa wameshakutambua. Kwa hiyo haya ninayokuambia yafanye leo hii, kabla jirani hajapanda ngazi kuja kumwuliza mtoto kiwiko kinaendeleaje.

Kwanza pole. Kijana wa umri ule kulia mbele ya mama yake ni jambo zito, na alikuchagua wewe. Umemlea vizuri, hukumfuga. Sasa kaa chini nikugombeze kidogo.

Unaniuliza useme ama unyamaze, kana kwamba mpaka sasa umenyamaza tu. Wewe hukunyamaza, dada yangu, wewe uko kazini. Yale maumivu ndiyo yalikuwa yanamwambia mtoto aache kurusha, na kila jioni wewe unayaziba mdomo kwa mawese, ili asubuhi akaongeze mengine. Kocha ataonaje mkono mbovu ikiwa kila siku unampelekea mkono uliopashwa moto? Mama yako alimkanda baba yako, sawa, halafu baba yako akalala akapumzika. Wewe unamkanda mtoto halafu unamrudisha shambani.

Najua ni upendo. Hata hivyo, leo acha. Kiwiko kilichovimba chenye moto hakisuguliwi na hakipashwi moto. Kinapumzishwa, na daktari anakitazama.

La pili ni hili, nalo litakuuma, nivumilie. Unafikiri Hardy anamwogopa kocha. Isome tena barua yako. Kocha bado hajampanga mtu. Aliyempanga Hardy kuanza ni wewe, kisu mkononi, mbele ya rafiki zake, na sababu uliyoitoa haikuwa mkono wake wala mpira wake, ilikuwa kitenge. Yule Mondli alikuwa anamtafutia mwenzake mlango wa kutokea. Yeye ndiye anayeipokea ile mipira, alishaona, na kwa heshima hakutaka kumwambia "unaumwa" mbele ya mama yake. Akasukuma kitunguu. Wewe ukakikaanga!

Ungekuwa wewe ni kijana, bamama wote waliokubeba mgongoni wameshona nguo moja kwa ajili ya mkono wako, na taxi mbili zinangoja, ungesema mkono unauma? Ungekula kwa kushoto tu na kuomba mama asione.

Basi sikiliza. Kwa kocha usiende kwa kujificha, mtoto akiwa darasani. Huko ndiko kumuuza. Kaa naye leo, umwambie hivi: "Nilikuapia nikiwa sijajua ninachokuapia. Kiapo hicho nakirudisha. Kesho kabla ya mazoezi utamwambia kocha mwenyewe, na mimi nitakusindikiza mpaka getini, nikungoje hapo. Usipomwambia wewe, nitaingia nimwambie mimi, na ninakuambia sasa hivi tukitazamana." Atakasirika. Atafunga mlango kwa nguvu. Mwache aufunge, wewe utakuwa bado umesimama upande wa pili. Kisha mpeleke kwa daktari, na mkifika huko mweleze daktari yote, na ya mawese usiyafiche.

Kuhusu nafasi yake, usilie kana kwamba umefika msiba. Timu inayotangazwa kabla ya msimu inapangwa upya msimu ukiwa katikati: mmoja anaugua, mwingine anachoka, wa benchi anaitwa. Hardy akipona anaweza kurudi akaanzia pale pale Mondli alipomweka, mwisho, akafunga michezo kwa mipira michache. Hiyo si kazi ya mtu wa nyuma. Umeniandikia mwenyewe kwamba huyo wa mwisho anarusha kwa nguvu, ila uliposikia neno "mwisho" ukaiona foleni ya makaratasi. Uwanjani mambo si hayo. Lakini kama daktari atasema mwaka huu asirushe kabisa, hatarusha, na utampikia vilevile.

Mama Constance umwendee wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Wewe ndiye uliyetangaza kabla ya kocha, wewe ndiye utakayerudisha maneno. Akilalamika kwamba kitenge kimepotea bure, mwambie kitenge hakina kiwiko, kitenge hakiumwi.

Na Jumamosi ya mchezo, taxi msizirudishe. Nendeni, nyote, na vilemba vyenu. Hardy atakuwa amekaa benchi na mkono umefungwa, na mtu mwingine ndiye atakayerusha mpira wa kwanza. Mshangilieni huyo mwingine, ana mama yake pia. Halafu mgeuke mumpungie mtoto wenu aone kwamba mlishona kwa ajili yake na si kwa ajili ya mkono wake. Atainamisha kichwa kwa aibu, wenzake watamcheka mwezi mzima, na hatasahau mpaka azeeke.

Lakini hayo ni ya Jumamosi. Leo jioni, kabla hujamwambia neno lolote, pika fufu. Anawe, akae. Akinyoosha mkono wa kushoto, usiseme kitu. Mwache ale.

Mama Marcelline