Nora na Karanga za Swaumu

Jumapili, 14 Desemba
Mama mkwe kaja kutoka Matambarale na ndoo ya embe. Kaja kumsubiri mwanaye, Dastani. Mimi pia namsubiri mume wangu, ila nina uzoefu. Krismasi ya mwaka juzi hakuja. Ya mwaka jana alituma kitabu — kwa basi, kutoka Dar, kimefungwa karatasi ya kung'aa. Cha Kizungu. Jaladani nyumba imezama kwenye theluji. Aliandika: kisome umejifunika blanketi, na chai ya moto. Hapa Ruangwa leo hata kuku wamekaa kivulini midomo wazi. Mama kataka nimsomee. Haya, nimekitoa kabatini.

Jumatatu, 15 Desemba
Nasoma Kizungu, natamka Kiswahili, pakikwama natia Kimwera changu cha sokoni. Dada mmoja, Nora, anamngoja mchumba aliyekwenda mjini. Kaahidi kufika mkesha wa Krismasi. Nyumba inanukia mdalasini tangu ukurasa wa kwanza. Mama kauliza wali unapikwa saa ngapi. Haupikwi. Kauliza theluji ni nini. Nikasema barafu, ile ya kwenye friji ya Harithi dukani, imejaa mpaka madirishani. Akafikiri. Basi huyo bwana hana kosa, akasema, njia ndiyo mbaya.
Nikafunua ukurasa. Dar hakuna theluji.

Jumatano, 17 Desemba
Mama anasikiliza kuliko wanafunzi wangu wote. Vyombo vikishaoshwa tu, kitabu hiki hapa, mkeka huu hapa. Leo kauliza Dastani anasemaje. Nikasema anakusalimu sana, anaulizia mguu wako. Mwaka mzima namtungia salamu. Nimekuwa mwana mzuri kuliko yeye.

Ijumaa, 19 Desemba
Balaa. Kitabu kimeishia ukurasa wa 180. Jana kilikuwa na 212.
Mama hana wasiwasi. Kamgawia jirani yetu Swaumu karatasi za kufungia karanga — alimwambia achukue za mwanzo, tulizokwisha kusoma. Nikakimbilia kwa Swaumu. Naye hana wasiwasi, kachukua za mwanzo. Swaumu kasoma madrasa tu, shule hakupelekwa, na kwake mwanzo wa kitabu uko kulia. Akanionyesha taratibu, kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye sijui kushika kitabu. Karanga zimeshaingia mtaani.

Jumapili, 21 Desemba
Nimekula karanga stendi, sokoni na nje ya kanisa. Nimepata ukurasa wa 185: Nora anaoka keki. Wa 197: Nora anaoka keki nyingine. Bonifasi fundi baiskeli alikuwa na wa 203, kaufutia grisi. Baada ya misa Doreen wa kwaya kaninong'oneza, mbona karanga hivyo, una mimba? Ya nani sasa, kwa njia ya simu?
Mama kila mchana: huyo bwana amefika? Bado, Mama.

Jumanne, 23 Desemba
Ujumbe wa Dastani, saa nne asubuhi. Kazi zimembana. Mwakani, Mungu akipenda. Nimwambie mama taratibu.
Taratibu! Nimemchukia kwa moyo wote, kama dakika kumi. Nimelia jikoni, kisha nikachambua mchele. Mama alikuwa uani anafua kitenge cha kumpokelea. Sijamwambia.

Jumatano, 24 Desemba
Swaumu kaja mwenyewe mchana. Ukurasa wa mwisho ulibaki chini ya ungo wake. Kaunyoosha kwa kiganja, una chumvi na alama za vidole. Kisha kakaa mkekani. Naye anataka kujua.
Nimeusoma kimoyomoyo kwanza. Anafika. Theluji mabegani, zawadi mkononi, na Nora hamuulizi hata swali moja. Mwaka mzima nimedanganya kwa kichwa changu. Leo uongo umechapwa kitabuni kabisa. Nikafunga kitabu nikaanza: Nora alikula keki yake, akalala zake.
"Usinitungie, mwanangu," Mama akasema. "Soma kilichoandikwa. Salamu zako nazijua. Dastani hajaulizia mguu wangu tangu azaliwe."
Swaumu akatazama miguu yake mwenyewe. Mimi nikasoma kilichoandikwa: mlango ukagongwa mara tatu.
Mama akainuka. Akajifunga vizuri kile kitenge, akaenda kufungua. Hakuna aliyegonga.
Hiyo ilikuwa saa nane. Sasa ni saa kumi, Swaumu amekwenda kuswali. Mama bado kasimama mlangoni. Kaniuliza kitu kimoja tu, basi la Dar linaingia saa ngapi. Simu iko mfukoni mwangu, na ujumbe uko ndani yake. Nikamtajia saa. Nikampelekea kigoda.
Naandika haya nimekaa kwenye cha pili, kando yake.