Safari ya Kwenda Kupikiwa

Jumapili, 3 Agosti

Mzee Lukelo alibaki leo baada ya wateja wote kuondoka. Nikadhani anataka chai nyingine. Kumbe aliniuliza kama nimewahi kukaa mezani nikapakuliwa chakula na mtu mwingine. Nikacheka. Napika hapa stesheni tangu Beatus wangu ananyonya – nipakuliwe na nani? Mimi nakula nimesimama, sufuria mkononi.

Akasema ameliona hilo. Tangu astaafu kazi ya mashamba ya miwa kule Kidatu na kuhamia hapa Ifakara, anakula kwangu kila siku, na hajaniona hata mara moja nimekaa na sahani.

Halafu: iko hoteli ya chakula Upanga, Dar. Alikula pale zamani, alipopelekwa kozi. Bado ipo. Twende Jumatano na treni, Alhamisi tule, Ijumaa turudi.

Nilifuta meza ileile mara mbili. Sikumjibu.

Jumatatu, 4 Agosti

Merina, mdogo wangu ninayepika naye, anasema niende. Jiko atalishika yeye. Wali wake unaungua kila anapowaza mambo ya watu, lakini sawa.

Beatus nimempigia simu, yuko kijijini Mbingu. Akauliza watu wa jumuiya ya kanisani watasemaje – mama mjane, safari ya kulala njiani, na mzee wa kuja tu, mtu wa Njombe. Nikamwambia kwenye treni wanawake wana chumba chao na wanaume chao. Akasema, "Mama, siyo hilo."

Najua siyo hilo. Baba yake hana hata miaka kumi tangu tumzike. Picha yake iko ukutani sebuleni na itabaki palepale.

Usiku huu nimepiga pasi gauni la kitenge cha bluu. Kupiga pasi siyo kujibu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejibu.

Treni imechelewa kama kawaida yake. Tumekaa kwenye benchi la stesheni, kikapu changu katikati yetu. Nimefunga mihogo ya kukaanga na mayai ya kuchemsha. Mzee Lukelo kakiangalia kikapu, akauliza kwa upole kama nimeshindwa kuacha kupika hata siku moja. Nikasema njaa ya treni haingoji Upanga.

Amevaa koti. Kanyoa vizuri. Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Alhamisi, 7 Agosti

Niko Yombo, kwa Ester, binti wa marehemu kaka yangu. Lazima niandike kabla sijalala.

Asubuhi kwenye treni aligonga mlango wa chumba chetu cha wanawake, kanishikia chai kutoka behewa la chakula. Wale kina mama wenzangu walisogea wakatazamana. Mmoja akaniambia mume wangu ana adabu. Sikumsahihisha! Mdomo ulikuwa na chai.

Jioni ndiyo Upanga. Ghorofani, vitambaa vyeupe, feni zinazunguka polepole. Nilitaka kurudi chini. Viatu vyangu, mikono yangu – mikono hii ya moto na vitunguu, niiweke wapi juu ya kitambaa kile? Kijana wa kuhudumia akasema shikamooni, akanivutia kiti. Nikakaa.

Biriani ya mbuzi. Kamba wa nazi. Achari ya embe. Kijana akatusifia mchele, eti wa Kilombero, kwetu kabisa. Mzee Lukelo akanitazama, nikashindwa kujizuia kucheka. Mchele umesafiri kama sisi.

Nyama laini kweli. Iliki wamezidisha kidogo. Kamba sijawahi kula – nilianza kwa kuogopa, nikamaliza kwa kunyonya maganda. Halafu mkono wangu wenyewe ukaanza kukusanya sahani, kupanga ndogo juu ya kubwa. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Akaweka kiganja chake juu ya sahani.

"Kaa, Wilhelmina," akasema. "Leo siyo zamu yako."

Wilhelmina. Mimi ni Mama Beatus, ni dada, ni mama wa stesheni. Jina langu mwenyewe nilikuwa nalisikia tu padri akisoma majina ya wanaosafisha kanisa. Nikakaa. Machozi yakatoka, ya kijinga kabisa, mbele ya kijana wa watu. Mzee Lukelo hakuniuliza nalia nini. Alinisogezea achari.

Yeye amelala gesti, huko karibu na stesheni ya TAZARA. Ester ananichungulia na kuguna.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Treni imejaa. Tumepata nafasi mbili behewa la chakula, karibu na dirisha. Tumewaona twiga wakitembea msituni jua linazama, hawana haraka.

Kisha akanionyesha tiketi yake. Siyo ya Ifakara. Ya Makambako, kwao Njombe.

Akaeleza bila kuzungukazunguka. Dada yake mkubwa na wadogo zake wamemtengea kiwanja nyumbani. Wanasema mwanaume wa umri wake hawezi kuugua peke yake kwenye chumba cha kupanga Ifakara. Kama hana mtu, arudi. Wanamngoja kesho wasikie neno lake.

"Naweza kuwaambia ninaye mtu. Lakini siwezi kulisema hilo kwa niaba yako," akasema. "Ukija, watakuona, Jumanne tunarudi wote Ifakara. Ukishuka, nitakuelewa. Biriani haikuwa ya kukufunga."

Nikauliza kwa nini hakuniambia kabla ya safari. Akasema alitaka nile kwanza, nikiwa sina la kuamua.

Nimerudi chumbani kwetu. Mama wa kitanda cha chini anakoroma. Nawaza jiko, jumuiya, sauti ya Beatus. Nawaza pia lile benchi langu la mbele, pale anapokaa kula, likiwa na mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulisimama Kisaki hadi kukaribia alfajiri, injini ina matatizo. Sasa kumekucha. Mang'ula imepita. Milima ya Udzungwa iko na ukungu, na huku chini mashamba ya miwa.

Nimempigia Beatus. Nimemweleza lote, hata lile la jina. Akauliza huyo mzee anavuta sigara? Nikasema hapana. Anakunywa? Kidogo, sikukuu. Akaguna. Akasema Makambako kuna baridi mwezi huu, mama, na wewe kifua chako. Nikangoja aseme zaidi. Akasema ng'ombe wameingia shambani, atanipigia.

Merina hapokei simu. Ni saa ya chapati.

Mzee Lukelo amesimama kwenye korido, kanipa mgongo, anatazama nje. Hajagonga mlango asubuhi hii. Koti lake kalivua – limekunjwa mlangoni kwetu, juu ya kikapu changu. Hajasema kaliacha kwa ajili ya nani.

Mkata tiketi anapita akiwaita wa Ifakara wajiandae. Kina mama wanashusha mizigo, wananiambia dada, ndiyo kwenu hapa. Nawaitikia. Treni inapunguza mwendo, mapaa ya stesheni nayaona, na moshi wa jiko langu pia.

Viatu bado sijavaa.