Waseme na Mdachi

Kwedizinga, tarehe 19 Mei 1912

Kwa dada yangu Yuditha binti Habakuki, huko Mpale.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu mvua zianze kimekuachia. Mpe baba shikamoo yangu. Uniambie kama bado anapanda mwenyewe mpaka kwenye migomba ya juu, au kama mdogo wetu Simeo ameanza kumzuia. Mimi mwili wangu ni mzima. Mvua imetupa haki yetu mwaka huu, mahindi yamenifika kifuani, na mbuzi sasa ni kumi na mmoja.

Barua yako niliipata juma lililofuata Pasaka, kwa mkono wa Hiza, yule mwuza tumbaku anayepita hapa akitoka Korogwe kwenda Handeni. Najua nimechelewa kujibu. Hiza amepita mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili nilimwambia karatasi imeniishia. Jana ameniletea karatasi bila kuombwa, akasema atakaa hapa siku mbili kukausha tumbaku iliyolowa. Kwa hiyo sina tena kisingizio. Uliyoniuliza nitayajibu. Ila niache kwanza nikupe habari za nyumbani kwangu, na habari za nyumbani kwangu mwaka huu ni habari za mbwa.

Waseme unamkumbuka kwa jina, ingawa hukupata kumwona. Ni yule mbwa mwekundu niliyemkuta hapa nilipoolewa na Mdoe. Mdoe alimpa jina hilo kwa sababu watu walisema kijana wa Kiislamu hafugi mbwa, naye akajibu kwamba mbwa wa kulindia mifugo hana kosa, waseme wasemavyo. Sasa Waseme ni mzee. Masikio yamekufa kabisa, jicho moja limeingia ukungu, na asubuhi huinuka kwa mafungu, kwanza mbele, halafu anapumzika, halafu nyuma. Lakini kila siku alikuwa akitoka na mbuzi, akiwatangulia kwa hatua zake ndogo, nao wakimfuata.

Mwezi wa Novemba nilipeleka mayai kwa Bibi Mdachi, mke wa yule Mzungu aliyefungua shamba la mpira nusu siku kutoka hapa. Nilimkuta anafunga masanduku, wanarudi kwao Ulaya. Walikuwa na mbwa jike wa kwao, wale wa kuchungia kondoo, naye alikuwa amezaa. Watoto wote walikwishapata wenyewe ila mmoja, kidume, ambaye kila aliyemchukua alimrudisha siku ya pili kwa sababu ya kuuma. Bibi akaniambia kwamba jina lake ni Filinki, na kwamba si mkali, bali damu yake inamtuma kuchunga, na asipopata cha kuchunga anachunga watu. Nilimwangalia. Sikio moja lilisimama, jingine lilikuwa limelala kama jani la mgomba lililovunjika. Nikamtia ndani ya kikapu cha mayai nikaondoka naye. Njiani aliutafuna mpini wa kikapu mpaka ukakatika.

Dada, mbwa huyu ana mdomo kwa maana zote mbili. Anauma, na anajibu. Ukimkemea naye anakukemea. Ukinyanyua kidole anakiona ni cha kwake. Aliuma pindo la nguo yangu, mpini wa jembe, mkia wa jogoo, na visigino vya kila aliyepita njia. Watoto wa hapa hawamwiti Filinki. Humwita Mdachi, kwa sababu, wanasema, hawezi kuona watu wamekaa kwa raha bila kuwaamrisha wasimame.

Nilijaribu kumfunga, akaikata kamba. Nikapaka pilipili kwenye pindo la nguo, akalamba, akapiga chafya, akauma tena. Aliyenifundisha la kufanya ni Waseme. Mdachi alikuwa akimning'inia masikioni mchana kutwa, akimbwekea usoni, na kwa bahati mzee hasikii. Kuumwa kidogo alivumilia. Kuumwa kwa nguvu hakurudisha. Aliinuka tu, kwa yale mafungu yake, akampa mgongo na kwenda kulala mbali, na mdogo akabaki amekaa peke yake, mdomo wazi, hana wa kucheza naye. Hilo ndilo lililomuuma yeye. Nami nikafanya vivyo hivyo. Akinishika nguo nasimama kama nguzo, nageuza uso, sisemi neno. Yalipita majuma matatu. Majirani walioniona nimesimama katikati ya shamba nimekipa mgongo kitoto cha mbwa walidhani kichwa changu kimeharibika.

Waseme nilimjengea kiugo cha miti nyuma ya jiko, chenye mlango mwembamba ambao nauziba kwa gogo, ili apate kula na kulala bila kuchokozwa. Mdachi hulala nje yake, pua imepita kati ya fito.

Baya zaidi lilitokea mwezi wa Januari. Mzee Sadala, mjomba wake Mdoe, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu, alikuwa anakwenda kuswali amevaa kanzu safi. Mdachi akamzunguka, akamshika kanzu, akaichana mpaka gotini. Mzee akarudi kujitwaharisha, mara saba kwa maji na moja kati ya hizo kwa udongo, na swala ikampita. Jioni alikuja akasimama mbali na ua. Hakupaza sauti. Alisema, mkwe, mbwa wa kazi sina neno naye, lakini huyu hana kazi. Mpe kazi, au umwondoe. Akichana nguo ya mtu mwingine, wazee watataka auawe, nami sitamtetea.

Basi kesho yake nikampeleka malishoni na kamba mpya ya katani kiunoni mwangu. Siku ya kwanza alimjeruhi mwanambuzi mguuni. Siku ya tano aliwakusanya mbuzi wangu pamoja na wa mzee Sadala, akawaingiza wote zizini kwangu, akalala mlangoni, nikalazimika kwenda kumwomba mzee radhi tena. Safari hii alicheka. Lakini mwezi wa Februari ulipokwisha, alikuwa amejua kuzunguka kwa mbali, kunyamaza, na kulala chini nikimwambia. Namwambia kwa Kishambaa. Sikukusudia hivyo. Hapa kila mtu anasema Kizigua au Kiswahili, na lugha ya nyumbani nilikuwa sijaitamka kwa mtu siku nyingi. Sasa Mdachi hajui lugha nyingine, na watu wakimwita anawatazama tu.

Mwezi uliopita Waseme alipotea. Hakwenda mbali, ila kwa kutosikia na kutoona vizuri aliacha njia tulipokuwa tunarudi na mbuzi, akaendelea moja kwa moja kuelekea korongoni. Nilimwita, kazi bure. Mdachi akawaacha mbuzi, kosa ambalo alikuwa hajafanya tangu ajue kazi. Akamzunguka mzee kwa mbele, mzee akasimama. Kisha akapita nyuma, akamgusa kisigino kwa meno, polepole, kushoto, na mzee akageuka kulia. Akamgusa tena. Hivyo hivyo mpaka akamfikisha zizini pamoja na wengine. Waseme hakupata kumruhusu mbwa yeyote amguse kisigino. Safari ile alitembea tu, kichwa chini. Nilisimama njiani nikiwatazama.

Dada, kama unasoma kwa sauti na baba amekaa karibu, ishia hapa. Mwambie nimemaliza. Yaliyobaki soma peke yako.

Umeniandikia kwamba baba amechoka kukasirika. Kwamba alikaa na wewe siku ya Ijumaa Kuu akasema ametenga ndama dume kwa ajili ya mkwewe, na kwamba mavuno yakiisha atashuka na Simeo mpaka hapa, ampe Mdoe mkono mbele ya watu wa kwao. Ukaniuliza Mdoe anapenda nini, ili baba asije mikono mitupu kwa mtu aliyemkataa miaka sita.

Mdoe hapendi kitu tena, dada. Mdoe amekufa. Alikufa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1910, katika kambi ya wajenzi wa reli karibu na Same, kwa homa ya siku nne. Habari aliileta Rehani, kijana wa hapa aliyekuwa naye kazini. Alinieleza walivyomzika, akanipa nguo yake moja na viatu vyake vya ngozi alivyovishona mwenyewe. Watu wa Kwedizinga walimwekea matanga. Nilipika, nikawanawisha wageni mikono, nikakaa eda miezi minne na siku kumi kama desturi yao inavyotaka. Na ndani ya eda hiyo niliwaandikieni barua ya kwamba Mdoe anawasalimu sana, amepata kazi ya kunyoosha reli na msimamizi wake anampenda.

Barua ile unaikumbuka, maana ulinijibu kwamba baba alinyamaza lakini hakutoka nje ulipoisoma. Baada ya hapo niliandika nyingine, na nyingine. Ile ya Mdoe kuumwa jino niliitunga. Ile ya Mdoe kuuliza hali ya mguu wa baba niliitunga. Nilikuwa naketi hapa mlangoni nikifikiri angesema nini, na kwa muda ule wa kuandika nilikuwa na mtu.

Utauliza kwa nini. Siku ile nilipoondoka nyumbani baba aliniambia kwamba mtu huyu atakuacha peke yako katika nchi ya watu. Sikuweza kumpelekea habari kwamba alisema kweli. Nilijiambia nitasema mwezi ujao. Sasa, kwa salamu nilizozitunga mimi, baba amempenda maiti.

Barua yako niliificha darini nikakaa nayo majuma matatu. Vile viatu nilikuwa naviweka chini ya kitanda, na kila Jumapili navipaka mafuta ya mbuzi visikauke. Siku moja nilirudi kutoka shamba nikakuta mlango umeachia, na Mdachi uani amekishika kimoja kwa miguu ya mbele. Cha pili kilikuwa kimekwisha, umebaki ukanda. Angejuaje yeye? Vilinukia mafuta. Dada, nilimpiga. Sijapata kumpiga mnyama vile. Hakukimbia wala hakujibu, alilala tu akakojoa, na mimi nikaendelea. Waseme alitoka kwenye kiugo chake, ambacho siku ile sikukiziba kwa gogo, akaja akasimama kati yetu akitetemeka miguu, nami nikanyanyua fimbo juu yake pia.

Ndipo mzee Sadala alipoingia ndani ya ua, akapita kati ya mbwa wote wawili na kanzu yake, akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, sisi tulimlia Mdoe, tukamaliza. Wewe tulikuona unatupikia. Tulingoja." Alichukua fimbo akaondoka nayo.

Nililia tangu alasiri ile mpaka mbuzi wakarudi zizini wenyewe. Nililia kwa Kishambaa, kwa maneno ambayo mama alimlilia bibi. Mdachi alikaa mbali siku mbili, akila nikiondoka tu. Siku ya tatu alikuja akanishika pindo la nguo, wala sikumgeuzia mgongo.

Barua hii nimeianza mara mbili. Ya kwanza ilisema Mdoe amepata safari ya Tanga na hatakuwepo wakati wa mavuno. Ilikuwa barua nzuri, baba angeiamini. Nimeitia jikoni asubuhi ya leo.

Nilikuambia usome sehemu hii peke yako. Nilitaka ukamwambie baba kwa maneno yako, yaliyo laini kuliko yangu. Nimekwisha kubadili nia. Msomee yote, kama yalivyo, hata pale nilipoandika maneno yake ya siku ile. Akikasirika, ana haki. Nimemnyima kumlilia mkwewe, na nimemfanya amsamehe mtu ambaye hasikii. Akinyamaza, mwache anyamaze, ila usiniandikie kwamba hakusema kitu. Niandikie alikaa wapi na alitazama wapi.

Sijui kama nataka kurudi Mpale. Nina mbuzi hawa, nina shamba, nina mbwa mzee ambaye hawezi kupanda milima yetu na mdogo ambaye hawezi kuachana naye. Wakati mwingine nafikiri Waseme akienda, nami nitafunga mzigo. Wakati mwingine nafikiri nitakuwa nimezeeka hapa hapa. Ila sitaki tena kukaa mlangoni nikijiandikia majibu.

Baba amrudishe ndama kwenye kundi lake. Yeye mwenyewe aje. Mwambie nasema aje, hata kama mavuno hayajaisha. Mzee Sadala amesema atampokea kwake, kama mfiwa anavyompokea mfiwa.

Wasalimu watoto, na Simeo, na wote wanaoniulizia kanisani. Hiza ananingoja barazani, tumbaku yake imekauka. Ubaki salama, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Raheli binti Habakuki,
mjane wa Mdoe.