Nilipozuia Jeneza Lako Njiani

Mtani wangu Hamisi,

Shikamoo sikupi, hata kama umenitangulia. Mnyamwezi hampi Mluguru shikamoo, tulishakubaliana hilo tangu tulipokutana chuoni, kwa hiyo huko uliko usijifanye mkubwa.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako Mafiga. Shemeji Zuhura amenipikia ndizi za nazi, kisha akanisema kwamba nakula kama nimeachiwa leo kutoka gereza la Kingolwira. Ameurithi mdomo wako. Nilicheka, halafu nikakitazama kiti chako, nikaisogeza sahani pembeni. Nimekukosa, mtani. Nalisema wazi kwa sababu hupo hapa kunicheka.

Unaukumbuka ugomvi wa lango. Idara yetu ya uhandisi ilikuwa inapokea wanafunzi wengi kuliko nafasi ya karakana yake. Wengine walisimama dirishani kuitazama mashine ya kukereza vyuma, ile ile ya enzi zetu, na wakamaliza chuo bila kuigusa. Sisi wahitimu tukaamua kuchanga. Edgar, mwenzetu wa darasa, akaja na mchoro wa lango kubwa la chuo, majina yetu sote yamechongwa juu yake. Wengi walilipenda. Wewe ukauliza, "Mwanafunzi atakereza nini kwenye lango?" Mkabishana na Edgar mpaka kundi letu la simu likanyamaza kabisa. Ukafa kabla halijasema neno tena.

Sasa nikusimulie siku ya maziko yako, maana wewe ulikuwa umelala tu. Tulikupandisha kwenu mlimani, mvua imetoka kunyesha, njia inateleza, na wahandisi wa mjini na viatu vyao vya ofisini wakipokezana jeneza na wajomba zako. Karibu na makaburi, pale kwenye migomba, nikapita mbele nikakaa chini katikati ya njia. Wajomba zako walielewa mara moja. Mtani ana haki yake msibani, na maiti haipiti mpaka apewe anachodai. Wakaanza kupapasa mifuko kutafuta chochote cha kunitoa. Nikawaambia, nyinyi siwadai. Nawadai hawa niliosoma nao. Waseme mbele ya Hamisi, lango au karakana.

Shehe akasema tufanye haraka, marehemu hacheleweshwi. Edgar alikuwa ameshika upande wa mbele, jasho linamtiririka. Alinikazia macho, nikadhani atanikanyaga apite. Kisha akasema, "Karakana," kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia. Nikanyanyuka na suruali imejaa tope, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari zako.

Hakuna aliyethubutu kuigeuka ahadi ile. Karakana imeongezwa upande wa mlimani, ina madirisha makubwa, na Edgar mwenyewe ndiye aliyezunguka kutafuta mashine mpya. Alizifuata Dar, akarudi nazo amekaa juu ya lori, eti dereva asije akaziangusha. Siku hizi, kila likizo ndefu, mmoja wetu anarudi kufundisha. Mimi nafundisha kuchomelea na kukereza. Wanafunzi wanasema mimi ni mkali, nami nawaambia wangekuona wewe. Sikudanganyi kwamba yote yamekaa sawa. Umeme unakatika katikati ya kazi, na darasa bado linazidi kukua. Lakini sasa kila mtoto anashika chuma.

Leo asubuhi kulikuwa na binti mmoja, Rehema, wa huko huko kwenu mlimani, anakereza bushi, kile kipete cha chuma cha ndani ya pampu ya maji. Akakata chuma kupita kipimo, kipande kikaharibika. Akageuka kunitazama, anangoja nimfokee. Nikamwambia ulichokuwa ukiniambia mimi, "Haribu hapa, usije ukaharibu kazini." Akachukua kipande kingine. Kilipotoka vizuri alikishika mkononi kikiwa bado cha moto, akampa jirani yake akitazame. Nikageuka kuangalia dirishani, kwa mazoea. Hapakuwa na mtu.

Edgar alitaka jina lako liandikwe mlangoni. Nimekataa, na shemeji amekataa pia, kwa sababu tunajua ungetusumbua ndotoni.

Basi nikuage, mtani, shemeji ananiita nimalize chakula. Nakuahidi nitaendelea kurudi kila likizo, maadamu miguu inanifikisha. Na siku isiyo na miguu nimeshaipangia. Ulikuwa umeapa kwamba nikitangulia mimi, utanizuia njiani mpaka ndugu zangu wakome. Sasa umewahi wewe, nani atanizuia? Nimemwambia Rehema, kwa kuwa ni Mluguru, kazi hiyo ni yake. Akae katikati ya njia, asijali shehe wala padri, asiniruhusu kupita mpaka wanafunzi wangu waseme idara inapungukiwa na nini na nani atakileta.

Amekubali. Tena amecheka kama wewe.

Mtani wako,
Mihayo