Kola, Mkono, Mgongo

Jumamosi, 4 Mei

Nimecheza dansi! Mimi! Miguu inawaka lakini nacheka peke yangu.

Ni lile gauni la bluu. Lililetwa Jumatano kule kwa dobi ninakopiga pasi, nikamwuliza mwenye gauni, hili linavaliwa wapi? Akasema njoo Jumamosi saa tisa uone. Kumbe ndiye Mwalimu wa dansi. Ukumbi uko juu ya duka la viatu, viti vimesukumwa ukutani. Wanawake wanane, wanaume watatu. Nimemweka Kifaranga wangu ndani ya kikapu cha nguo, akalala palepale. Mtoto ambaye nyumbani halali!

Inaitwa walsi. Mwanamume anakuja mbele, mwanamke anarudi nyuma. Mguu wa kulia nyuma, wa kushoto pembeni, funga. Mwalimu akaniuliza mbona nimeegemea mguu mmoja kama korongo. Nikamwambia ni meza ya pasi, nimesimama hivyo miaka minne. Moja-mbili-tatu ilinishinda kabisa. Nikahesabu kama ninavyopiga shati pasi: kola, mkono, mgongo. Kola, mkono, mgongo. Ikaingia!

Sasa balaa. Tarehe 25 kila mtu atacheza na mtu wake mbele ya jamaa zake. Mwalimu akauliza, una mtu? Nikasema ninaye! Mdomo huu.

Baba Kifaranga hajacheza tangu harusi yetu. Alikanyaga gauni langu likachanika kiunoni, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaapa hapohapo — basi. Anatoka kwenda kiwanda cha mikate alfajiri, anarudi mchana, jioni mapema kashalala. Tunapishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana zamu. Mazungumzo yetu ni nepi. Nataka anishike tena kiuno, hata kwa wimbo mmoja tu.

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe kaniuliza, mwanangu, mbona unatembea kinyumenyume na sufuria ya moto? Nikamweleza. Akafunga redio ya habari, akatafuta muziki. Haya, nifundishe.

Nikamwambia, basi Mama, wewe uwe mwanamume.

"Nani? Mimi? Nimeiongoza nyumba hii miaka thelathini. Leo niongozwe!"

Nani abishane naye? Nikashika upande wa mwanamume. Mwili wake ni wa kujaza mlango, ila miguu, unyoya! Kifaranga anapiga kijiko sakafuni. Kola, mkono, mgongo, mpaka jikoni pakawa padogo.

Alhamisi, 9 Mei

Tena. Sasa Mama hata hangoji niweke mkoba chini. Nafungua mlango, namkuta kasimama, mikono hewani.

Jumamosi, 11 Mei

Aibu yangu! Leo Mwalimu kanipa Mzee wa Posta, aliyekuwa anapeleka barua kwa miguu. Muziki ukaanza. Yeye akaja mbele. Na mimi nikaja mbele! Paji langu, kidevu chake — pu!

"Binti," anashika taya, "mbwa walinikimbiza miaka yote ile hawakunipata. Umenipata wewe."

Mwalimu akauliza nani kanifundisha upande wa mwanamume. Nikasema, Mama mkwe. Ukumbi mzima chini kwa kicheko, na mimi nimo. Nikajaribu kurudi nyuma — wapi! Miguu imeshakubali njia moja. Basi Mwalimu akasema wanaume hawatoshi hata hivyo, waongoze wanawake wenzako. Nimewaongoza wanne! Nesi yule mrefu kasema naongoza vizuri kuliko mumewe anavyoendesha gari.

Wakati wa kuondoka Mwalimu akauliza, mumeo anajua hatua? Nikasema kidogo. Uongo wa pili huo.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia Baba Kifaranga habari ya tarehe 25. Alikuwa anamkata Kifaranga kucha, polepole, ulimi nje. Hakuinua macho.

"Mama Kifaranga, nilikuchania gauni mbele ya ukoo mzima."

Nikasema lilishashonwa.

"Kicheko hakishonwi."

Sikumlazimisha. Nilikwenda bafuni nikalia kidogo. Kidogo tu. Nilipotoka Mama mkwe alikuwa mlangoni na taulo, anajifanya anaikunja. Alisikia yote, huyu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimewaongoza sita. Mzee wa Posta atakuja na mkewe. Nesi na mumewe. Mimi nikasema wangu ana kazi nyingi, tutaona. Mwalimu kaniambia nisipokuwa na mtu nitakaa kwenye kiti niwapigie wenzangu makofi. Hakusema kwa ubaya. Lakini kiti!

Jumatatu, 20 Mei

Nimerudi kazini nimekuta nyayo za unga sakafuni jikoni. Kubwa! Kutoka kwenye jiko mpaka mlangoni, zimepindapinda kama za mlevi.

"Mama, hizi nini?"

"Unga umemwagika."

"Unavaa namba ngapi, Mama?"

"Miguu imevimba, mwanangu. Uzee."

Kanga yake imelowa jasho. Nikamwambia tufanye mazoezi. Kasema magoti yamechoka. Wiki ya pili sasa magoti yanachoka kabla sijafika! Nikacheza na ufagio. Ufagio hauongei, ila haukanyagi mtu.

Alhamisi, 23 Mei

Nimekata gauni la harusi. Ndiyo, lilelile. Nimelikata hadi magotini, nikashona pindo kwa mkono, nikalipiga pasi. Hakuna cha kukanyaga sasa! Nikalitundika nyuma ya mlango, Baba Kifaranga asiweze kupita bila kuliona.

Aliliona. Akashika pindo kwa vidole viwili, kama anavyopima donge la mkate. Akauliza dansi ni saa ngapi. Nikasema saa tisa. Akasema Jumamosi kuna oda kubwa. Basi.

Jumamosi, 25 Mei

Naandikia ukumbini, daftari juu ya goti. Wameshaanza. Nimevaa gauni, magoti nje, naona baridi ya woga. Mzee wa Posta anacheza na mkewe, wote wawili wamefumba macho. Baada yao nesi. Kisha sisi. Sisi gani? Kiti cha kulia kwangu kitupu.

Cha kushoto amekaa Mama mkwe. Usiangalie mlango, ananiambia, andika. Naandika.

Nikamwuliza Kifaranga yuko wapi.

"Kachukuliwa."

Na nani, Mama?

Kaonyesha kwa kidevu.

Yuko kwenye korido! Baba Kifaranga! Suruali nyeupe ya kazini, nywele kalowesha maji akazichana, mtoto kifuani. Hajui kama namwona. Mguu wa kulia nyuma. Wa kushoto pembeni. Anafunga. Midomo inatembea, na najua inachosema: kola, mkono, mgongo — kwenye kiwanda cha mikate hakuna anayehesabu kola!

"Siku kumi na mbili," Mama mkwe ananinong'oneza. "Kila mchana, kabla hujarudi. Kichwa kigumu kama cha babake."

"Lakini Mama, umemfundisha upande wa mwanamke!"

"Ndio ninaoujua. Na wewe unajua upi?"

Uso wangu wote umelowa, wino unachafuka.

Nesi amemaliza. Mwalimu ametuita. Baba Kifaranga ameingia, anampa mama yake mtoto, ana unga kwenye nyusi. Amesimama katikati ananingoja, mkono wa kushoto juu, tayari kwa bega langu — kama bibi harusi! Mzee wa Posta ameanza kucheka. Sasa mkewe. Sasa wote.

Amewasikia. Masikio yamemwiva.

Mkono hajaushusha. Naweka kalamu —