Kitanda cha Baba Mdogo Dirishani

Area D, Dodoma

Dada Neema, shikamoo. Upepo wa huku unapasua midomo mpaka chai inawasha, lakini nimefika salama kwa mama mdogo.

Unaikumbuka ile sebule yake tuliyokatazwa kuikanyaga tukiwa watoto, yenye makochi ya wageni na vitambaa vya kufuma? Sasa hivi huwezi kuitambua. Baba mdogo alipopooza miguu walimlaza chumba cha nyuma, akawa anatazama ukuta kutwa nzima. Akaacha kula, akaacha hata kusema. Ndipo mama mdogo akatoa makochi nje, akalifunga pazia fundo, akaweka kitanda cha baba mdogo pale dirishani.

Leo tumekula ugali wa uwele na mlenda, tumeketi mkekani kando yake. Mama mmoja aliyepita na ndoo ya zabibu akamsalimu, "Mbukwa, mzee!" Baba mdogo akaitikia kwa sauti, kisha akamuuliza kama mtoto wake amepona homa. Dada, anawajua wote wanaopita!

Nikamuuliza mama mdogo, wageni je, watakaa wapi? Akacheka. "Mgeni anakaa saa moja, mwanangu. Huyu ndiye mwenye nyumba."

Namshukuru Mungu kwa kunileta huku. Nawaombea afya, na zabibu nitawaletea. Ufunguo wa sebule yetu niliuficha kwenye kopo la majani ya chai. Usinisubiri. Mtoe mama yetu chumba cha nyuma leo, kitanda chake ukiweke dirishani.

Mdogo wako,
Yohana