Maji ya Mgodini Kwenye Friji Yangu

Ijumaa, 13 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimefua, nimeinjika makande, nimesafisha friji. Atupele wangu kaingia mchana kutoka Makongolosi, matope mpaka kwenye nyusi. Mwanangu, mtafiti! Kashuka mgodini na wanaume, kaenda kukinga maji yanayochuruzika kwenye ufa wa mwamba, chini kabisa. Anasema mle mna vijidudu hai ambavyo havijawahi kuona jua wala kupata hewa. Nikamuuliza vinakula nini. "Vinapata chakula kwenye mawe, mama." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Chupa yenyewe ndogo, ya kioo, kizibo cha mpira na bati limebanwa juu. Kaiweka kwenye friji, pembeni ya maziwa. Kasema nisiiguse. Kesho anarudi mgodini kufuata vifaa vyake, Jumatatu anaipeleka maabara ya chuoni, Iringa. Mimi niliishia la saba. Lakini tumbo lililomzaa huyu ni hili hili.

Jumapili, 15 Juni

Zamu yangu leo. Kikundi cha akina mama wa kanisa kimekutana kwangu. Nimewasimulia habari za Atu mpaka chai ikapoa. Jirani yangu Mama Lusajo akaanza: "Mama Atu, mdudu gani anakula mawe? Tuonyeshe basi, tusije tukakuita mwongo."

Wakacheka wote. Nikaileta chupa. Maji tu, hakuna kinachotembea.

"Kumbe hata kiluwiluwi hamna!"

Hapo nilichomwa. Nikabandua bati kwa kisu, nikang'oa kizibo. Harufu ya yai viza sebule nzima. Vigelegele! Kila mmoja nikammiminia kidogo kiganjani. Kwangu mgeni haondoki mikono mitupu, na sijawahi kuitwa mchoyo.

Chupa ikabaki nusu. Nikajazia maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kuchujwa. Masafi kuliko yale. Bati nikaligandamiza kwa mwichi. Haijulikani kabisa.

Jumatatu, 16 Juni

Atu kapita mbio. Chupa kwenye boksi la barafu, yeye stendi. Kanikumbatia. Nilitaka kusema. Sikusema.

Alhamisi, 26 Juni

Karudi kutoka Iringa. Hajala.

Vijidudu vilivyoonekana kwenye yale maji ni vya ngozi za watu. Vya huko chini hakuna kilichopona. Hewa hii tunayovuta sisi, kwao ni sumu. Sikujua. Kweli sikujua. Mwalimu wake kamwambia hajui kukinga maji. Bati lilikaa upande, na yeye anaamini alilibana vibaya mwenyewe. Na ule ufa mgodi unauziba kwa saruji. Bila maji yale hana utafiti, na bila utafiti hana shahada.

Analia chumbani. Mimi niko jikoni nakata vitunguu, na chakula nilishapika. Nimefika mlangoni kwake, nimerudi. Mama gani mimi.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi Mama Lusajo kaja kuazima ungo. Kamwona Atu.

"Mtafiti wetu! Yale maji yako yananuka, we! Mwenzio nilipaka goti, mpaka leo nalisikia jepesi."

Atu akaniangalia. Bila hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Mama, ulifungua?"

Nikaanza kujitetea kwamba hata niliyojazia yalichemshwa. Mdomo huu! Kujazia alikuwa hajui. Nikanyamaza nimechelewa. Mama Lusajo akaondoka bila ungo.

"Ungeniambia tu jana," akasema. "Jana nzima nilijiona sifai."

Kabeba begi, kaenda Makongolosi kuwabembeleza wasizibe kwanza. Hakunywa hata chai. Natamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 29 Juni

Kikundi kwa Mama Lusajo. Wakataka niendelee na hadithi ya wala mawe. Nikawaambia viumbe vile tuliviua sisi, na aliyefungua chupa ni mimi, kwa kutaka sifa. Hakuna aliyecheka. Mama Lusajo akaficha mikono chini ya kitenge.

Hakuna simu kutoka Makongolosi.

Jumatano, 2 Julai

Hakuna simu. Nimepalilia bustani isiyo na magugu.

Jumamosi, 5 Julai

Kaja jioni, matope mpaka kwenye nyusi. Walimpa siku moja kabla ya saruji, kakinga chupa nyingine.

Nilidhani chupa kaiacha kwa rafiki yake mjini. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo. Kafungua friji yangu, kasogeza maziwa, kaiweka pale pale. Safari hii hakusema nisiiguse. Kala makande sahani mbili, kalala.

Mama Lusajo kachungulia dirishani. "Mama Atu, mtoto karudi na nini?"

Nikamwambia karudi na usingizi. Nikavuta pazia.

Friji inanguruma. Nimekaa mbali nayo, huku mlangoni.